Anang'ara mazoezini, anapotea fainali: tafuta chanzo kabla ya dawa

Mchezaji wa kikapu anayefunga pointi 20 kwenye mechi za kawaida za ligi, kisha nusu fainali akaondoka na pointi 4 na mitupo huru (ile inayotolewa baada ya faulo, bila mkabaji) yote imegonga chuma, hupewa jibu moja tu na mashabiki: hana moyo. Makocha wengi nao hulikubali jibu hilo. Wanamwita pembeni, wanamwambia "jiamini", na mechi kubwa inayofuata mambo ni yale yale. "Jiamini" haitibu kitu kwa sababu haigusi chanzo, na vyanzo ni vingi. Tena dawa ya chanzo kimoja ni sumu kwa kingine. Anayeufikiria mno mkono wake ukimwongezea maelekezo unammaliza kabisa, na asiyejua afanye nini dakika ya mwisho ukimwambia "cheza tu, usiwaze" unamwacha kwenye mataa.

Mwongozo huu ni kwa kocha wa timu ya mtaa, shule au chuo, ambaye hana mwanasaikolojia kwenye benchi, na kwa mchezaji mwenyewe. Anza na dalili unayoiona kwa macho.

Kwanza hakikisha kweli ni presha

Mitupo huru 6 ya fainali moja si ushahidi. Mchezaji wa asilimia 70 anaweza kukosa 4 kati ya 6 mara moja moja bila kuwa na tatizo lolote kichwani. Chukua karatasi za matokeo za msimu mzima, tenga mechi ngumu na nyepesi, halafu linganisha robo ya nne na robo ya nne. Ukikuta hata kwenye mechi nyepesi anashuka robo ya mwisho, hiyo ni pumzi. Wachezaji wengi wazuri hucheza dakika zote 40 siku ya fainali ilhali kwenye ligi walizoea kupumzishwa. Miguu ikichoka mtupo unakuwa mfupi, na jukwaani wanasema ameogopa.

Angalia na mazingira. Timu nyingi za Dar es Salaam hufanya mazoezi jioni kwenye viwanja vya wazi vya saruji, kwa mpira uliochakaa. Ukiipeleka timu hiyo ndani ya ukumbi, kwenye sakafu ya mbao, ubao wa kioo na mpira mpya unaoteleza, jicho linapoteza alama zote lilizozoea nyuma ya ringi. Hapo dawa ni kufika mapema, kurusha mitupo mingi kwenye magoli yote mawili, na kuomba mpira wa mechi upite mikononi mwa kila mmoja.

Halafu kuna wapinzani. Fainali anakabwa na mkabaji bora wa upande wa pili, na mwingine anasubiri kuja kusaidia. Kushuka kidogo ni haki yake. Kinachotutia shaka ni mtu kukosa yale ambayo hakuna anayemzuia: mtupo huru, lei-apu (mtupo wa karibu kabisa na ringi) ya wazi, pasi ya mita tatu.

Dalili: mitupo huru inagonga mbele ya ringi na kurudi

Hii ndiyo dalili inayosema mengi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Usiangalie mkono kwanza, angalia magoti. Mazoezini magoti yanakunjika na kunyooka sambamba na kiwiko, mwili mzima ukipanda pamoja na mpira. Dakika ya mwisho ya mechi ngumu magoti yanakunjika nusu, mabega yamepanda karibu na masikio, mpira umekaa kwenye kiganja badala ya ncha za vidole, na mkono unasukuma peke yake. Mpira unaruka bapa, unagonga mbele ya ringi, unarudi. Ukiona hivyo mara tatu mfululizo kwa mtu ambaye mazoezini hana kasoro hiyo, umeipata presha yenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Mtupo wa mchezaji mzoefu huendeshwa na mazoea, bila kuusimamia hatua kwa hatua. Hofu ya kukosa inamfanya aanze kuusimamia: kiwiko kiko wapi, kifundo kimekunjika, nguvu inatosha? Ni sawa na mtu anayeteremka ngazi kwa kasi halafu akaanza kuwaza mguu upi unafuata. Hapo hapo misuli inayotakiwa kulegea inakaza, na mtupo unapoteza mtiririko.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Nick Anderson wa Orlando Magic. Fainali ya NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) ya 1995, mchezo wa kwanza dhidi ya Houston Rockets, Orlando walikuwa mbele kwa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde chache. Mtupo mmoja tu ukiingia, mechi karibu imekwisha. Anderson alikosa miwili, akaupata mpira tena, akachezewa faulo, akakosa mingine miwili. Kenny Smith akasawazisha kwa pointi tatu, Houston wakashinda 120-118 katika dakika za nyongeza, na mwishowe wakachukua ubingwa kwa 4-0. Anderson hakuwa mtupaji mbovu: msimu ule alikuwa akiingiza kama asilimia 70. Misimu miwili baadaye alikuwa ameshuka hadi kama asilimia 40. Kilichoanza usiku mmoja kiliachwa kikakomaa, na ndiyo maana nasema tatizo hili lishughulikiwe wiki ile ile, kabla halijawa sehemu ya jina la mtu.

Dawa yake ni kuyapa mawazo kazi nyingine, iliyo ndogo na ya nje ya mwili. Mpangie utaratibu mmoja usiobadilika: apokee mpira, adunde mara mbili au tatu, avute pumzi ndefu na kuitoa taratibu mpaka mabega yashuke, macho yaende kwenye sehemu moja ya ringi, atupe. Steve Nash, aliyemaliza maisha yake ya NBA akiwa na zaidi ya asilimia 90 ya mitupo huru, alikuwa akiigiza mtupo mzima kwa mikono mitupu kabla ya kupewa mpira. Kila mtu na wake, muhimu ni kwamba unaofanyika Jumanne jioni ndio unaofanyika fainali. Hesabu na muda: kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mtupaji ana sekunde 5 tu tangu mwamuzi ampe mpira, si 10 kama NBA. Utaratibu mrefu uliojifunza kwenye video za Marekani utakupa presha ya pili.

Suala la macho si dogo. Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Canada, aliwapima warushaji wa mitupo huru kwa kifaa kinachofuatilia macho. Aliona kwamba walio hodari hulituliza jicho mahali pamoja kwenye ringi mapema, kwa karibu sekunde nzima, kabla mkono haujaanza kupanda. Mwenye hofu macho yake yanatangatanga: ringi, ubao, benchi, ringi tena. Simama chini ya goli umtazame mchezaji wako usoni anapotupa. Utaona mwenyewe macho yanaenda wapi.

Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks alipita humo humo. Mwaka 2021 mashabiki wa ugenini walikuwa wakimhesabia sekunde kwa sauti kila akisimama mstarini, na katika mechi zile za mtoano alikuwa chini ya asilimia 60. Mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Phoenix Suns aliingiza 17 kati ya 19, akafikisha pointi 50, Milwaukee wakawa mabingwa.

Onyo moja. Mtupo ukikosa kwa kwenda kulia au kushoto mara kwa mara, hata mazoezini, hilo ni kosa la kiwiko au la mkono wa pembeni, na linahitaji kocha wa ufundi. Hapo ndipo maelekezo ya mwili yanaruhusiwa, tena mbali na siku ya mechi.

Dalili: haombi mpira, anaupitisha kama umemuunguza

Huyu hakosi mitupo kwa sababu hatupi. Robo ya kwanza yuko kila mahali. Robo ya nne anasimama kwenye kona nyuma ya mkabaji wake, na akipata mpira anautoa kabla hajaitazama ringi. Karatasi ya matokeo haimwonyeshi, kwa hiyo anaweza kupita misimu miwili bila kugundulika.

Chanzo kinachotajwa haraka ni woga wa kulaumiwa, na kweli kipo. Kwa kijana anayecheza mbele ya mjomba aliyemlipia ada, au mbele ya shule nzima, kukosa ni aibu ya watu wengi. Lakini kabla ya kuishia hapo uliza swali ambalo makocha hulisahau: je, ana kitu cha kufanya akiupata mpira? Mara nyingi anajificha kwa sababu anajua, kabla yako wewe, kwamba silaha yake moja imeshazuiwa na hana ya pili.

Fainali ya NBA ya 2011 LeBron James wa Miami Heat, aliyekuwa na wastani wa karibu pointi 27 msimu ule, alishuka hadi 17.8 dhidi ya Dallas Mavericks, na mchezo wa nne alifunga 8 tu. Dunia nzima ilimwambia hana moyo. Dallas walikuwa wameifunga njia yake ya kuingia ndani, naye hakuwa na mchezo wa kutegemea akiwa ameipa ringi mgongo, hata alipokabwa na mtu mfupi kuliko yeye. Kiangazi kile alikwenda Houston kujifunza kwa Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Juni 2012, Miami wakiwa mlangoni kutolewa na Boston, alifunga pointi 45 ugenini, na wiki mbili baadaye akawa bingwa na mchezaji bora wa fainali. Moyo ule ule, ila mkononi kulikuwa na kitu kipya.

Kinyume chake ni Ben Simmons, Juni 2021, mchezo wa saba wa Philadelphia dhidi ya Atlanta Hawks. Alikuwa chini ya ringi na nafasi ya kudanki, akatoa pasi. Katika mechi zile za mtoano alikuwa ameingiza mitupo huru 25 kati ya 73. Mtu mwenye hesabu hiyo kila akiikaribia ringi anakaribia pia faulo itakayompeleka mstarini. Anachokikimbia ni mstari. Ukimfokea "vamia ringi!" bila kurekebisha mitupo huru, unamsukuma palepale panapomtisha.

Kwa hiyo matibabu huanzia mazoezini: mpe mchezo mmoja wa uhakika wa kutokea mahali pake, na wa pili wa kujibu ukizuiwa wa kwanza. Baadaye mwandikie jukumu la idadi, si la matokeo. "Robo ya nne nataka uitazame ringi kila ukipokea mpira, na utupe angalau mara mbili ukiwa wazi. Ziingie, zisiingie, ni juu yangu." Na akikosa, neno lako lilinde. Kocha anayesema hivyo halafu anamtoa uwanjani baada ya mtupo wa kwanza kukosa hatapata mtupo wa pili kutoka kwake mwaka ule.

Dalili: anaharakisha, anasahau saa na pointi

Pasi inamgonga mtazamaji, pointi tatu inatupwa zikiwa zimebaki sekunde 19 kwenye saa ya mashambulizi (inayohesabu muda wa timu kutupa), faulo ya kijinga katikati ya uwanja. Huyu mwili umewaka kupita kiasi. Mapigo ya moyo yakiwa juu sana mtu huona ringi na mkabaji wake tu, kumbukumbu ya muda mfupi inajaa, na mambo madogo yanadondoka.

Chris Webber wa Michigan, fainali ya vyuo ya 1993 dhidi ya North Carolina, aliomba taimu-auti (mapumziko mafupi ya timu) timu ikiwa nyuma 73-71 na sekunde 11 zimebaki, wakati taimu-auti zilikuwa zimekwisha. Ikawa faulo ya kiufundi, wakapoteza 77-71. J.R. Smith wa Cleveland, fainali ya NBA ya 2018 mchezo wa kwanza, alidaka ribaundi (mpira uliorudi baada ya mtupo kukosa) mechi ikiwa sare 107-107, akakimbia na mpira nje badala ya kutupa, kisha wakafungwa katika dakika za nyongeza. Wote wawili walikuwa wachezaji wa kiwango cha juu kabisa. Kwa sheria za FIBA kosa la Webber lisingetokea, kwa kuwa taimu-auti huombwa mezani na kocha au msaidizi wake wa kwanza, lakini la Smith hutokea kwenye viwanja vyetu kila msimu.

Usimpe huyu mazoezi ya kutulia peke yake. Mpunguzie mzigo wa kukumbuka. Kila mpira unaposimama katika dakika mbili za mwisho, kapteni awakusanye aseme vitu vinne kwa sauti: muda uliobaki, tofauti ya pointi, faulo za timu, mpira unaofuata unaenda kwa nani. Faulo za timu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana kuanzia ya tano ndani ya robo kila faulo ya ukabaji humpa mpinzani mitupo miwili. Wachezaji warudie kwa midomo yao, wasiitikie kwa kichwa tu. Na kwenye taimu-auti kocha atoe maelekezo mawili, akizidi matatu. Ubao uliojaa mishale sekunde 30 kabla ya kurudi uwanjani ni chanzo cha kosa, na kosa hilo ni la benchi.

Dalili: tumbo linavurugika, mikono baridi, usingizi hauji

Hili liache kama lilivyo. Bill Russell, mwenye mataji 11 ya NBA na Boston Celtics, alikuwa maarufu kwa kutapika kabla ya mechi kubwa. Mwili unajiandaa. Mchezaji akiambiwa kwamba mchecheto ni dalili ya kuogopa, ataanza kuuogopa mchecheto wenyewe. Mwambie ni mafuta ya kazi, mlishe chakula chepesi saa tatu au nne kabla, umpashe moto mapema kuliko wenzake.

Presha ifanyiwe mazoezi

Kurusha mitupo huru 100 mfululizo ukiwa umetulia hakukuandai kwa miwili ya dakika ya 40. Mwaka 2009 watafiti wa Amsterdam, Raôul Oudejans na Rob Pijpers, walionyesha kwamba wachezaji wa kikapu waliofanya mazoezi ya mitupo huru wakiwa na wasiwasi hawakushuka walipopimwa chini ya presha, tofauti na wenzao waliozoea utulivu. Wasiwasi kidogo unatosha.

Kwa hiyo mitupo huru irushwe miwili miwili, katikati ya mazoezi, mtu akiwa anahema. Timu nzima isimame pembeni ikipiga kelele. Akikosa, wote wakimbie, naye akimbie nao. Akiingiza, wote wapumzike. Wapo wanaopinga adhabu ya pamoja kwa sababu inazaa lawama, nami nawaelewa, ndiyo maana kiasi kiwe kidogo: kwenda na kurudi mara moja, basi. Piga picha za video, maana kujua unarekodiwa peke yake hubadilisha mwili.

Maliza kila zoezi kwa hali ya mechi. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya walikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, pale Tylor Ongwae alipotupa akirukia nyuma huku king'ora kikilia. 74-73, na Kenya wakarudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Weka ubaoni hali hiyo hiyo: nyuma kwa moja, sekunde 6, mpira wetu. Kila jioni atupe mtu tofauti. Wengi watakosa. Ifikapo fainali, kila mmoja atakuwa ameshakosa mtupo wa mwisho mara nyingi na kesho yake akapokewa mazoezini kama kawaida, na hilo humtoa mtu hofu kuliko hotuba yoyote.

Dalili zisizo za kocha

Moyo kwenda mbio mtu akiwa amekaa, kukosa pumzi, kuhisi anakufa, kukwepa mazoezi na marafiki, huzuni inayodumu wiki kadhaa: hapo acha mpira. Kevin Love alipatwa na shambulio la hofu katikati ya mechi ya NBA Novemba 2017, akatoka uwanjani, na miezi michache baadaye akalieleza hadharani. Alipata msaada wa mtaalamu na akaendelea kucheza kwa miaka. Mpeleke kijana kwa daktari au mshauri nasaha, ukiwa naye, na mzazi akijua. Usilifanye jambo la kikao cha timu.

Siku ya mechi yenyewe

Ikiwa umefanya yote na robo ya nne bado anapotea, usimtoe palepale baada ya kosa. Mpe kwanza kazi isiyohitaji mkono laini: amkabe mchezesha timu wao, au agombee ribaundi. Mchezaji anayekimbia nyuma ya mtu hapati nafasi ya kujitazama, na mara nyingi mkono hurudi wenyewe kupitia miguu. Ikibidi kumpumzisha, subiri mpira usimame, mwekee kiti karibu nawe, mweleze kitu kimoja cha kutazama kwa wapinzani, na umrudishe kabla mechi haijaisha, hata kwa dakika moja ya mwisho timu ikiwa nyuma kwa 10.